Waya mmoja mpaka mkiani

Mara hii tutaongea juu ya ndege. Wengi wetu husema ndeke, ni kitu kimoja. Si ile kubwa inayoshuka Luano na abiria na mizigo. Ni ndege ndogo ya watu wawili, ambayo mtu anaijenga mwenyewe katika banda la gari lake, jioni akitoka kazini na siku za Jumapili.

Mtu atauliza: msaidizi wa daktari anatafuta nini ndani ya ndege? Jibu ni fupi. Yale yanayomleta mtu dispansere na mkono ulioungua, au na chuma ndani ya jicho, ni yale yale huko na huku: waya uliopitishwa vibaya, tundu lenye makali, kazi ya haraka pahali pasipoonekana. Na katika ndege ya kujenga nyumbani hakuna kapita nyuma yako wa kusema, "Fungua, anza tena."

Kwanza tujue watu hawa ni nani. Huko Marekani sheria inaruhusu mtu kujenga ndege yake, lakini inadai kwamba zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na watu wanaojenga kwa kujifunza au kwa kujifurahisha, si kwa biashara. Chama chao kinaitwa EAA. Kilianzishwa mwaka 1953 na Paul Poberezny huko Milwaukee, na tangu 1970 mkutano wao mkubwa unafanyika Oshkosh, katika jimbo la Wisconsin. Ndege za aina ya RV peke yake, zinazotoka kwa vipande katika kampuni iliyoanzishwa na Richard VanGrunsven mwaka 1973, zimekwisha kuruka zaidi ya 10,000. Wafaransa walitangulia. Mwaka 1934 Henri Mignet alitoa kitabu cha kufundisha watu kujenga ndege yake ndogo, Pou-du-Ciel, yaani Chawa wa Angani. Watu wengi waliijenga, na wengine walikufa nayo, kwa sababu mabawa yake mawili yalikuwa karibu mno na ikiinamisha pua sana haikuweza kuinuka tena. Jambo hilo lilijulikana wazi mwaka 1936 tu, ndege ilipopimwa ndani ya upepo wa mashine.

Siku hizi mkaguzi wa serikali anakuja kuangalia ndege kabla haijaruka. Halafu mwenyewe anairusha peke yake kwa saa 25 au 40 katika eneo alilopewa, mbali na nyumba za watu. Lakini mkaguzi anaona nini? Anaona ndege iliyokwisha. Waya uliolala ndani ya mkia, nyuma ya kuta tano au sita za bati, aliyeuona vizuri ni yule aliyeupitisha.

Sasa taa yenyewe. Ndege inayoruka usiku inabeba taa tatu za kuonyesha mahali ilipo: nyekundu kwenye ncha ya bawa la kushoto, ya kijani kwenye ncha ya kulia, na nyeupe inayoangaza nyuma. Nyekundu inaangaza digrii 110, ya kijani digrii 110, nyeupe digrii 140. Ukijumlisha unapata 360, mduara mzima. Rubani mwingine akiona nyekundu na kijani pamoja, anajua ndege ile inamjia usoni. Akiona nyeupe peke yake, anajua anaifuata kwa nyuma. Mpango huu ulitoka kwa meli za baharini. Ni lugha, na taa ya mkia ni neno moja ndani yake. Ikizimika, rubani wa nyuma anakuja na mwendo wake wote bila kujua kuna mtu mbele.

Taa hiyo ni ndogo. Balbu ya zamani inakula umeme kiasi cha ampea 2, na hizi za kisasa za LED hazifiki hata nusu ampea. Kwa hiyo waya wake ni mwembamba sana. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Wanasema: umeme kidogo, waya kidogo, hatari kidogo. Wanashughulika siku tatu na waya mnene wa batri, na huu wa mkia wanaupitisha saa moja kabla ya kulala.

Lakini tazama njia yake. Unaanza mbele, kwenye swichi karibu na rubani. Unapita chini ya viti au ubavuni, unaingia ndani ya mkia, unatembea mita nne au tano gizani. Na ndani ya mkia hauko peke yake. Humo zinapita kamba za chuma za kugeuza usukani wa mkia, na fimbo ndefu inayopandisha na kushusha pua ya ndege. Humo ni chumba cha mishipa. Waya ukilegea ukaanguka juu ya kamba ya chuma, mambo mawili yanaweza kutokea. Kamba inakwenda mbele na nyuma na inaukata waya kama msumeno. Au waya unajisokota na kushika kile kinachotakiwa kuwa huru, na rubani anakanyaga pedali na pedali inakataa. Taa ikizimika ni shida. Usukani ukishikwa ni kifo.

Kwa hiyo maandiko ya wakubwa wa anga wa Marekani yanadai waya ukae mbali na kamba za kuongozea, si chini ya sentimeta 7 na nusu. Kama nafasi haitoshi, basi kiwekwe kizuizi cha chuma kati yao. Waya ushikwe na kibanio kila sentimeta 60 au chini yake. Na kati ya kibanio na kibanio usilegee: ukiusukuma kwa kidole usishuke zaidi ya milimeta 12. Usikazwe mno vilevile, kwani bati la ndege linatetemeka na kujinyosha, na waya uliokazwa kama uzi wa gitaa utakatika kwenye ncha.

Halafu kuna matundu. Kila ukuta wa bati ndani ya mkia unatobolewa ili waya upite, na tundu jipya katika bati la aluminiamu ni kisu. Fundi anakwangua makali, halafu anaweka pete ya mpira au ya plastiki ngumu, ndipo waya upite. Tundu likiwa kubwa, na waya umeshikwa imara katikati, mbali na ukingo kwa milimeta 6 au zaidi, unaweza kukaa bila pete. Mimi ningeweka pete tu. Bei yake ni ndogo kuliko bendeji.

Ni nini kinachoua waya? Watu wengi hufikiri ni umeme mwingi. Mara nyingi sivyo. Ni kusuguana. Mashine ya ndege ndogo inazunguka mara 2,000 na zaidi kwa dakika, na bati lote linatetemeka nayo. Waya ulioegemea ukingo unasuguliwa mara maelfu kila dakika, saa mia moja, saa mia mbili, mpaka ganda linakwisha na shaba inagusa bati. Ninyi mnaofanya na kamioni na mashine za kutoboa mwamba mnajua jambo hili kuliko mimi.

Shaba yenyewe tuizungumzie kidogo, maana ni jamaa yetu. Waya mzuri wa ndege si uzi mmoja mnene. Una nyuzi 19 nyembamba za shaba, kila moja imepakwa bati jeupe ili isile kutu. Sababu gani? Shaba ikikunjwa na kunyoshwa inazidi kuwa ngumu, na ikiwa ngumu inavunjika. Mtu aliyewahi kukunja kipande cha waya wa nyumba mara kumi kwa mkono amekwisha kuona. Nyuzi nyingi nyembamba zinavumilia kukunjwa zaidi. Ndiyo maana waya wa ukutani nyumbani, ule wa uzi mmoja, hauna kazi ndani ya ndege hata kama fundi anao wa bure.

Kuna pahali pamoja ambapo kutetemeka tu hakutoshi kueleza hatari. Katika ndege nyingi za RV, taa ya mkia inakaa chini ya usukani wenyewe, yaani kwenye kipande kinachogeuka. Kinageuka digrii 30 hadi 35 kushoto, na vilevile kulia. Waya unatoka kwenye mwili uliotulia na kuingia kwenye kitu kinachocheza kila safari. Mafundi wazuri wanafanya hivi: waya unavuka karibu kabisa na mstari wa bawaba, unaachiwa kitanzi kidogo, na unashikwa kwa kibanio upande huu na upande ule. Ukiwa karibu na bawaba, unajisokota polepole badala ya kukunjika kama kiwiko. Ukiwa mbali na bawaba, unavutwa na kusukumwa kila mara. Halafu fundi anageuza usukani kwa mkono mpaka mwisho wa kushoto, mpaka mwisho wa kulia, na macho yake yako kwenye kitanzi, si kwenye usukani. Kitanzi kinabanwa? Kinagusa? Kinaweza kunasa kwenye ncha ya bolti? Kama jibu ni "labda", kazi haijaisha.

Msiseme mambo haya ni ya watu wa banda la gari tu. Tarehe 1 Machi 1962 ndege kubwa ya abiria, Boeing 707 ya American Airlines, ilipaa kutoka uwanja wa Idlewild, New York. Kabla dakika mbili hazijatimia iligeuka ubavu, ikapinduka, ikaanguka katika maji ya Jamaica Bay. Watu 95 waliokuwa ndani walikufa wote. Wachunguzi wa serikali waliona kwamba sababu iliyoelekea zaidi ni nyaya zilizogusana ndani ya mtambo unaosukuma usukani wa mkia. Wakafuata njia mpaka kiwandani ulikotoka mtambo. Kule waliona wafanyakazi wanatumia koleo ndogo kufunga fungu la nyaya, na koleo zile zinajeruhi ganda. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kila mmoja alikuwa anafunga fungu lake vizuri, na kwa haraka.

Sasa fyuzi. Fyuzi haikuwekwa kulinda taa. Imewekwa kulinda waya. Waya ukigusa bati, umeme wote wa batri unataka kupita humo, na waya mwembamba unakuwa mwekundu kama mkaa katika mita zake zote tano. Fyuzi inakatika kwanza. Kwa hiyo inakaa mwanzoni, karibu na pahali umeme unapotoka, si kule mkiani karibu na taa. Ikikaa mkiani, mita tano za waya zimebaki bila mlinzi. Kwa waya mwembamba wa namba 22 wa vipimo vya Marekani, fyuzi ni ya ampea 5. Mtu anayeweka ya 20 kwa sababu ya 5 "inakatika kila mara" amekataa kusikia habari aliyoletewa. Hapa kwetu kuna nyumba ambamo pahali pa fyuzi pana kipande cha waya mnene au msumari. Baba mwenye nyumba anajua. Mama naye anajua. Watoto wanaolala chumba kile hawajui.

Tena fyuzi haioni kila kitu. Cheche ndogo zinazoruka na kukatika kwenye ganda lililopasuka hazivuti umeme mwingi wa kuiunguza, lakini zina joto la kutosha kuwasha kitu kilicho karibu. Usiku wa 2 Septemba 1998 ndege ya Swissair namba 111 ilikuwa inatoka New York kwenda Geneva. Marubani walisikia harufu isiyo ya kawaida. Dakika 21 baadaye ndege ilikuwa ndani ya bahari karibu na Peggy's Cove, Kanada, na watu 229 wamekufa. Wachunguzi wa Kanada waliona kwamba moto ulianza juu ya dari karibu na chumba cha marubani, kwa cheche ya umeme, na kwamba blanketi la kuzuia joto lililokuwa karibu lilishika moto na kuueneza. Waya mmoja wa mashine za kuonyesha filamu kwa abiria ulikutwa na alama za cheche hiyo.

Kwa jambo la moshi naomba mnisikilize kama mtu wa dispansere. Ganda la waya wa kawaida ni plastiki ya PVC. Ikiungua inatoa hewa kali inayogeuka asidi ikikutana na maji, na macho, pua na mapafu yetu ni maji. Mtu anafumba macho, anakohoa, hawezi kuona saa zake wala swichi. Pamoja nayo inakuja kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, inayochukua nafasi ya hewa safi ndani ya damu mpaka mtu anasinzia. Ndani ya ndege ya watu wawili chumba ni kidogo kuliko choo cha nyumba. Kwa hiyo wajenzi wanaojali wananunua waya wenye ganda la Tefzel, linalovumilia joto la digrii 150 na halishiki moto kwa urahisi. Ni wa bei zaidi, ndiyo. Na wakisikia harufu hewani, mkono unakwenda kwanza kwenye swichi kubwa ya batri. Taa zote zizime. Ndege ndogo ya namna hii inaweza kuendelea kuruka bila taa.

Hatari nyingine zinampata mjenzi akiwa bado chini, na hizo hazitajwi sana. Kupitisha waya mkiani kunadai mtu aingie ndani ya mkia na kulala chali juu ya ubao. Akitoboa bati juu ya uso wake, vumbi la chuma linaanguka machoni. Miwani ya kazi, basi, hata kama "ni tundu moja tu". Ndege yenye gurudumu la mbele ikiingiwa na mtu mzito mkiani inaweza kuinuka pua na kuketi juu ya mkia, naye yumo ndani; stuli imara iwekwe chini ya mkia kwanza. Pete ya ndoa na saa ya chuma zivuliwe na batri ifunguliwe. Volti 12 haziwezi kumwua mtu mwenye ngozi kavu, lakini pete ikigusa waya wa batri na bati kwa pamoja inawaka moto kwenye kidole, na jeraha lake ni la duara, lenye kina, baya. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Si mafuta, si dawa ya meno, si yai.

Na kama mkiani kuna taa ya kumweka, ile ya zamani yenye gesi ya xenon, hapo si volti 12 tena. Kisanduku chake kinapandisha umeme mpaka volti mia kadhaa, na kinaushika ndani kwa dakika kadhaa baada ya swichi kuzimwa. Huyo anaua. Mtu azime, angoje, ndipo afungue.

Kabla ya kufunga vifuniko, hesabu vyombo. Bisibisi iliyosahauliwa mkiani inatembea kila ndege ikiinama, na siku moja inaingia chini ya fimbo ya kuongozea.

Wajenzi wengine siku hizi hawapitishi waya huo kabisa, na mimi nawasifu. Sheria inakubali taa nyeupe za nyuma ziwekwe kwenye ncha za mabawa, moja kila upande, na taa za LED zimefanya jambo hilo kuwa rahisi. Mkia unabaki na kamba zake peke yake. Wazee wa anga wanaopenda taa ya mkiani kwa sababu ndege ya kweli ina taa mkiani, hiyo ni shauri lao.

Kwa anayeupitisha, kuna deni moja zaidi: kumwandikia atakayekuja baada yake. Ndege hizi zinauzwa. Tarehe 12 Oktoba 1997 mwimbaji John Denver alikufa karibu na Pacific Grove, California, katika ndege ya aina ya Long-EZ aliyokuwa ameinunua kwa mtu. Aliyeijenga hakutaka mabomba ya petroli yapite karibu na rubani, kwa hiyo aliuhamisha mkono wa kubadilisha tangi ukawekwa nyuma ya bega la kushoto. Nia ilikuwa usalama. Lakini rubani mpya alipotaka kubadilisha tangi ilimpasa ajigeuze kitini, na wachunguzi waliona kwamba katika kujigeuza ndege ilimtoka mikononi. Njia aliyoichagua mtu wa kwanza katika banda lake ilimkuta mtu wa pili hewani.

Kwa hiyo picha zipigwe kabla ya kufunga bati, na mchoro wa njia ya waya uwekwe ndani ya kitabu cha ndege. Kila miezi 12, wakati wa ukaguzi, mtu mmoja anageuza usukani na mwingine anatazama kwa tochi na kioo kidogo. Anatafuta unga mweusi kuzunguka kibanio au ukingo wa tundu. Unga ule ni aluminiamu inayosuguliwa, na ukiuona, kibanio kifunguliwe siku ile ile, ndege ikiwa bado chini.